Karatasi Ndani ya Koti la Jeshi

Kila asubuhi Afande hung'arisha viatu vyake. Hana pa kwenda, lakini huving'arisha. Kisha huvipanga chini ya kitanda, visigino vimelingana kama vinasubiri ukaguzi. Baada ya hapo hukaa barazani na sanduku lake la spana, akitengeneza pampu za maji za watu wa mtaani. Hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo baada ya miaka ishirini na miwili ya jeshi.

Mtaa mzima humwita Afande. Hata marehemu mkewe alimwita hivyo alipotaka kumtania. "Afande, viatu vya matope vibaki nje. Hiyo ni amri." Naye alikuwa akitii.

Lakini siku moja viatu havikung'arishwa. Mezani kulikuwa na barua, na Afande hakuweza kuiangalia wala kuacha kuiangalia.

Aliipata juzi. Askari wote wastaafu waliitwa kuhakikiwa. Afande alikwenda amevaa shati jeupe, na kifuani medali yake ya operesheni ya mpakani. Karani kijana alitazama kompyuta, akatazama kifua cha Afande, akarudi tena kwenye kompyuta.

"Mzee, medali hii umeitoa wapi?"

"Nilivishwa."

"Na nani?"

"Na mkuu wa kikosi. Uwanjani, mvua inanyesha."

"Humu haimo. Halafu naona miezi minane imeandikwa hukuwepo kikosini. Ulikuwa wapi?"

Nyuma yake, kwenye foleni, mzee mmoja alikohoa. Afande alifunika medali kwa kiganja. Akapewa barua: ndani ya siku thelathini alete ushahidi, la sivyo arudishe medali na ajieleze.

Karani alisoma tu kilichoandikwa. Waliokosea kuandika walikwisha kustaafu, na leo wana walinzi getini. Mkubwa akisahau kuandika, hakuna anayempelekea barua. Barua humfuata aliyebeba spana.

Maneno yaliyomtesa Afande yalikuwa hayo mawili: hukuwepo kikosini. Jeshini mtu wa namna hiyo ana jina fupi. Huitwa mtoro. Mtoro hufungwa.

Mara mlango ukagongwa. "Hodi!"

Afande alichungulia dirishani. Aliona shati la kaki, kofia na daftari. Akajibanza nyuma ya kabati.

Binti yake, ambaye ni msusi, alikuwa anapanga vitana vyake. "Baba, ni msoma mita!"

"Mwambie sipo."

"Baba, hakuja kukusoma wewe. Anasoma mita ya maji."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika alipomwona baba yake akitoka nyuma ya kabati. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Baba," aliuliza taratibu, "kwani hiyo miezi minane ulikuwa wapi?"

Swali la karani lilimtia hofu. Swali la mwanawe lilimchoma.

"Mambo ya kikosi hayatoki nje ya lango," alijibu, akageuka ukutani.

Binti hakubishana. Alijifunga kanga, akaenda kumwita Mama Faili.

Mama Faili ni jirani yao. Alifanya kazi miaka thelathini katika masijala ya serikali, chumba kile kinachotunza mafaili. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo Afande ni shemeji yake. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma barua mara mbili.

"Shemeji, hapa hawajasema umeiba. Wamesema lete ushahidi."

"Ndivyo wanavyoanza. Kesho watakuja na gari."

"Barua za namna hii nimezipiga chapa mpaka vidole vikaota sugu. Tukitaka mtu akamatwe, hatumpi siku thelathini. Tunampa dakika tano avae viatu."

Afande hakucheka. Alitazama mlango, akatazama dirisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Karatasi ipo."

"Karatasi gani?"

"Sikuichoma."

Ikamtoka yote. Yeye alikuwa fundi wa kikosi cha magari. Kikosi cha madaraja kilipopungukiwa mafundi, kilimwazima. Akapewa amri ya kuazimwa, miezi minane. Usiku wa kuvuka mto, mkuu aliamuru karatasi zote zichomwe, zisije zikaangukia kwa adui.

"Nilichoma barua za mama yako," alimwambia binti yake. "Zote. Nililia, lakini nilichoma. Hii nikaificha ndani ya soksi."

"Kwa nini hii, baba?"

"Askari wa kuazimwa bila karatasi hapewi chakula. Mpishi anakwambia, rudi kwenu ukale. Niliogopa njaa kuliko amri. Nikiionyesha leo, nakiri kwamba nilikaidi amri vitani. Nisipoionyesha, mimi ni mtoro. Kote ni kifungo."

"Na iko wapi?" aliuliza Mama Faili.

Afande alielekeza kidole ukutani. Lilikuwapo koti lake zito la jeshi. Binti alilifahamu koti hilo tangu utotoni. Kila alipopata homa alifunikwa nalo. Hakujua kwamba mama yake alishona kitu ndani ya bitana, kwa uzi mwekundu, kwa sababu siku hiyo uzi mwingine haukuwapo.

Afande alichukua wembe. Aliugusa uzi, akasita. Hakuwa tena na mshono mwingine wa mkono wa mkewe.

"Shemeji," Mama Faili alisema, "alishona ili ikae, hakushona ili ipotee."

Uzi ukakatwa. Karatasi ilikuwa ya njano, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa chumvi. Namba yake ya jeshi ilisomeka. Tarehe zilisomeka. Mhuri ulikuwa umefifia, lakini ukiinua karatasi kwenye mwanga unaonekana.

Mama Faili alipiga kofi gotini. "Sasa naona! Kikosi chako kilikutoa kwenye orodha yake. Kikosi cha madaraja kikakuvisha medali, lakini faili lako halikuwa kwao. Huku hawakuandika, na kule hawakuandika. Hakuna aliyemjulisha mwenzake."

"Kwa hiyo si utoro?"

"Ni uvivu wa karani. Nasema mimi, karani."

Afande alisimama na karatasi mkononi. "Naipeleka leo hii. Niwaachie, yaishe."

"Thubutu!" Mama Faili alimshika mkono wa shati. "Karatasi yenyewe haitoki mkononi mwako. Wao wapelekee nakala, yenye mhuri wa wakili. Ikipotea huko ndani, utabaki na maneno matupu."

Wakaanza kazi. Kwanza Mama Faili alimfundisha kuomba nakala ya kumbukumbu zake za utumishi. "Ni haki yako, hawakupi zawadi. Lazima uone walichoandika ndipo ujue kilichokosekana." Kisha ikaja barua ya kuomba marekebisho. Afande aliandika kurasa tatu. Mama Faili alisoma, akachukua kalamu nyekundu.

"Haya matusi kwa wakubwa yatoe."

"Ni ya kweli."

"Ni ya kweli, lakini hayana namba wala tarehe. Andika nani, wapi, lini, na medali gani haimo. Weka namba yako ya jeshi kila ukurasa. Ukurasa mmoja unatosha."

Akauliza tena, "Nani alikuona ukivishwa?"

"Kengele. Alikuwa sajini wetu. Sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto."

Kengele aliishi nyuma ya karakana ya useremala. Siku hizi alikuwa hasikii vizuri. Njiani Afande alisimama mara tatu. Je, kama amesahau? Je, kama atasema, huyu simjui? Mlango ukafunguka. Mzee mfupi alimtazama kuanzia viatuni hadi usoni.

"Wewe!" Kengele alinguruma. "Wewe ndiye uliyeangusha spana yangu mtoni! Namba kumi na saba! Mpaka leo naisubiri!"

Siku ya pili yake Kengele alikula kiapo mbele ya hakimu. Alieleza kwa maandishi kwamba walijenga daraja pamoja, na kwamba alimwona Afande akivishwa medali. Hakimu alimwomba mara mbili apunguze sauti.

Zilibaki siku sita. Afande alirudi ofisini, binti yake pembeni. Karani ni yule yule. Alichukua nakala, akaomba kuiona karatasi yenyewe, akairudisha. Kisha akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango.

Alipotoka, nyuma yake alikuwapo ofisa mwenye nyota mabegani. Afande alisimama wima kabla hajajua kwamba amesimama.

"Kwa kumbukumbu za operesheni," ofisa alisema, "karatasi hii mliamriwa kuichoma."

Binti alimshika baba yake kiwiko.

"Ndiyo, afande."

"Hukuichoma."

"Hapana, afande. Niliogopa njaa."

Ofisa aliitazama tena nakala. "Ungeichoma, leo tungekuvua medali yako. Nenda nyumbani, mzee. Tutalishughulikia."

Hakusema samahani. Sijui wakubwa huliacha wapi neno hilo wanapopanda cheo. Lakini hakuita askari.

Afande aligeuka kuondoka, akakumbuka. Akasema, "Naomba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Na namba ya faili." Karani alimtazama kwa mshangao. Akagonga mhuri.

Mwezi ukapita, kimya. Kila gari lililosimama nje lilimfanya Afande aache spana. Binti alikwenda kuuliza. Aliambiwa faili liko mezani kwa mkubwa. Wiki iliyofuata akaenda tena, na tena, kila mara akiwa na ile namba. Mama Faili alikuwa amemwonya: "Usiende na kilio. Nenda na namba. Kilio watakizoea, namba lazima waitafute."

Mwezi wa tatu bahasha ikafika. Afande hakuthubutu kuifungua. Binti aliichana.

"Baba, medali ya operesheni imeingizwa. Na ipo nyingine hapa! Medali ya utumishi mrefu. Wanasema ulistahili tangu zamani, ila ile miezi minane ilikata hesabu ya miaka yako."

Afande hakuuliza juu ya medali. "Soma pale pa miezi minane."

"Ameazimwa kikosi cha madaraja. Alikuwa kazini."

"Soma tena."

"Alikuwa kazini, baba."

Alikaa kitandani, kofia mkononi. Baadaye aliomba sindano na uzi mwekundu. Aliirudisha karatasi ndani ya koti yeye mwenyewe. Mshono ulikwenda upande, mkewe angemcheka.

Kesho yake viatu viling'aa. Afande alikuwa uani na pampu mapajani, mlango wa nyuma ulipogongwa. Moyo ulimruka kwa mazoea. Lakini alisimama, akafungua.

Alikuwa ni yule mzee aliyekohoa kwenye foleni. Alitazama nyuma yake kwanza, kama mtu anayefuatwa.

"Afande," alinong'ona, "na mimi wameandika sikuwepo."

Afande alisogeza sanduku la spana, akampa kigoda. Hakumuuliza alikuwa wapi.

"Kaa, ndugu yangu," alisema. "Karatasi ipo?"