Malipo ya Badawi

Ami yangu Hamdun alikuwa fundi wa kanzu pale Amu, mji wa Lamu, mtu mpole asiyejua kugombana. Alijifunza kugombana mwaka alioyakopesha mapesa ya arusi ya bintiye, Saadiya. Shilingi mia mbili za Saadiya alimpa Badawi wa kisiwa cha Ndau, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, akalime simsim Kililana, bara. Hawakuandikiana. Marafiki huandikianaje? Shahidi alikuwa Mungu peke yake.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mashifta, wale majambazi wa mpakani, waliwakimbiza wakulima, simsim ikaozea shambani, Badawi akarudi kwao Ndau. Kila ami alipomfuata, akitapika mashuani njia nzima, aliambiwa Badawi katoka sasa hivi. Sasa hivi! Na chai yake bado yafuka moshi mkekani. Ami akirudi mikono mitupu, mkewe, Bi Barka, alizikunja tena nguo za arusi akazirudisha sandukuni. Arusi ilisogezwa baada ya mfungo, kisha mfungo mwingine, mpaka mposaji akaanza kuulizia nyumba za wengine. Mpaka leo nikikumbuka roho yanichoma.

Kisha Badawi akafa. Ami akamwendea Athman, ndugu wa marehemu.

"Shahidi wako ni nani, Bwana?" Athman aliuliza.

"Mngu."

"Basi ngoya Mngu akulipe. Ndia ni ile." Akamwonyesha njia kwa kidole.

Hapo ami alifanya jambo ambalo Mwislamu mwenye akili zake halifanyi. Jua likiwa utosini alikwenda makaburini, akalipiga kaburi la Badawi kwa fimbo kama agongaye mlango.

"Badawi! Ndoo, toka unilipe! Siwi radhi nawe, duniani wala akhera!"

Kesho yake asubuhi alikuwa akishona kanzu mpya. Mfuko aliokwisha kuufunga kwa uzi ulikuwa mzito. Akaufumua. Ndani mlikuwa na shilingi moja, imerowa, yanukia kafuri ya maiti.

Baba yangu, Jamaludin, alimsihi aitupe. Ami akamcheka.

"Ni haki yangu. Dawa ya deni ni kulipa."

Pesa zikaendelea kuja, mchana kweupe. Katika mkate aliomega Bi Barka. Ndani ya kofia iliyokuwa kichwani. Mwishowe zilitimia, Saadiya akaolewa, na ami akasema deni limekwisha.

Pesa hazikukoma.

Sasa kila iliyokuja ilikuwa si yake. Ami aliliona hilo kabla yetu, akaacha kula. Alizikusanya za ziada, akazipeleka Ndau, akazifukia kaburini kwa mikono yake. Akarudi. Akafungua kinywa kumwamkia mkewe. Shilingi ikadondoka kutoka chini ya ulimi.

Alikwenda kwa Athman kuomba radhi. Athman akafunga mlango.

"Jamaludin," ami alimnong'oneza baba, "sasa mimi ndiye nidaiwaye. Nimezirudisha, hazitaki. Nifanyeje?"

Haukupita mwezi, ami akafa.

Tulimpeleka msikitini baada ya adhuhuri. Kabla ya kumswalia, baba alisimama mbele ya jeneza, kama ilivyo ada, akawageukia watu.

"Mwenye kumdai marehemu, anidai mimi."

Kisha sauti ikatoka safu ya nyuma. Sauti ndogo, ya adabu.

"Mimi namdai."

Hakuna aliyethubutu kugeuka. Baba aliipitia safu ya nyuma kwa macho, asimwone msemaji. Neno lilikwisha kumtoka mbele ya watu, na mbele ya maiti.

"Nitalipa mimi," akasema.

Tulipotoka na jeneza, jozi moja ya makubadhi ilibaki mlangoni. Haikuwa na mwenyewe. Ngozi yake ilikuwa mbichi kwa maji, yanukia kafuri, na siku ile haikunyesha mvua. Baba alinituma nyumbani nikalete pesa zote za ziada zilizokuja tangu ami atoke Ndau. Akazitia ndani ya yale makubadhi, akasema mbele yetu sote, "Chukua chako, tuwiane radhi." Kisha tukaenda kuzika.

Tuliporudi, makubadhi hayakuwapo.

Pesa zilikuwapo, zimepangwa kizingitini moja moja. Baba alichutama akazihesabu, akaanza upya, akahesabu tena.

Zilikuwa zimeongezeka.