Habari Iliyojaza Kopo

Kila Jumatatu, Vestine alipomaliza kuteka maji na kufagia ua wa mama yake, aliondoka nyumbani mapema kuliko watoto wote wa mtaa. Kengele ya shule ilikuwa bado mbali kulia. Alichokimbilia ni makopo.

Yalikuwa makopo matupu ya nyanya, yamepigiliwa misumari kwenye ubao mrefu nje ya ukuta wa shule, upande wa barabara inayokwenda soko la Gisenyi. Ubao huo ndio uliokuwa gazeti la klabu ya Kiswahili. Aliyeuanzisha, mwaka ule wa 1999, ni Mwalimu Kimenyi, mtu aliyezaliwa na kusomea Karagwe, Tanzania, na kurudi Rwanda na Kiswahili chake kilichonyooka. Kanuni aliyoiweka haikuwa ngumu. Mwanafunzi anaandika habari na kuibandika juu ya kopo. Msomaji akiipenda, anaokota barabarani kijiwe kimoja cheusi cha volkano, ambacho katika mji ule hakikosekani hatua mbili, na kukitia ndani ya kopo. Siku ya Ijumaa vijiwe vinahesabiwa. Habari yenye vijiwe vingi inapandishwa juu kabisa, usawa wa macho ya mtu mzima, na kukaa hapo wiki nzima. Isiyo na kitu inabanduliwa.

Wapita njia nao walikaribishwa kupiga kura. Basi wanawake wanaovuka mpaka kila siku kwenda kuuza Goma walisimama pale na mabeseni yao kichwani, na asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake. Mwalimu Kimenyi alijivunia sana jambo hilo. Alisema kwamba shuleni kwake wasomaji ndio wahariri.

Vestine alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika darasa la sita hakuna aliyemshinda kwa insha. Lakini kopo lake halikupata kujaa hata siku moja. Habari yake juu ya kuchemsha maji ya ziwa ilipata vijiwe vitatu. Ile ya wakulima wa Nyakiriba waliopanda miti ili udongo usichukuliwe na mvua ilipata viwili, na kimoja kati ya hivyo alikitia mwenyewe. Wiki hiyohiyo rafiki yake Jolly, msichana aliyekulia Uganda, aliandika juu ya ng'ombe wa Bugeshi aliyezaa ndama mwenye vichwa viwili. Alipata vijiwe tisini. Hakuna mtu aliyewahi kumwona ndama huyo, wala kichwa kimoja cha ndama huyo.

"Wewe unawapa watu vidonge," Jolly alimwambia huku akicheka. "Watu wanataka pilipili, mwenzangu."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Kwa mwezi mzima Vestine aliyachunguza makopo kama mfanyabiashara anayechunguza soko, na aliyoyaona akayaandika nyuma ya daftari lake la hesabu. Aliona kwamba habari ya kutisha hushinda zote, hasa hofu yenyewe ikiweza kuingia jikoni mwa msomaji, kama vile ugonjwa au chakula kibaya. Inafuatwa na aibu ya mtu ambaye watu wanamfahamu. Maajabu ya wanyama huja baada ya hapo. Kichwa cha habari kikiwa swali, hata mwenye haraka husimama. Habari njema hupitwa kama jiwe la njia, na mashauri mema ndiyo ya mkiani. Alipomaliza kuandika alijisomea mara mbili, akajiona ameelewa jambo kubwa. Na kweli alikuwa ameelewa. Ubaya ulikuwa katika matumizi aliyolitafutia.

Jumamosi moja mama yake, Béata, alimtuma Rubona kununua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Familia yao ilinunua siku zote kwa Donatha, mjane mrefu asiye na jino moja la mbele, aliyekaushia samaki wake pembeni mwa gati. Alikuwa akiwaanika juu ya shitingi, yaani turubai la plastiki ambalo mashirika ya misaada yaliwagawia wakimbizi katika miaka ile ya dhiki. Herufi za shirika zilikuwa zimefifia, lakini zilisomeka kati ya samaki.

Vestine aliziona herufi hizo, na mwili ukamsisimka. Kila mtu Gisenyi alikumbuka mwaka 1994, kipindupindu kilipowamaliza wakimbizi kule Goma, ng'ambo ya mpaka, na maiti zikalazwa kandokando ya barabara zimefunikwa kwa mashuka, mikeka na shitingi. Ugonjwa, chakula, na mtu anayefahamika: vyote vitatu vilikuwa mbele yake juani. Alikuwa na swali moja mdomoni, la kumwuliza Donatha shitingi ile aliipata wapi. Akalimeza. Alijua kwamba jibu lingeweza kuiharibu habari. Akapokea samaki wake, akashukuru, akaenda zake.

Habari ilibandikwa Jumatatu. Kichwa chake kiliuliza: "Je, Sambaza Uliokula Walikaushwa Juu ya Shitingi ya Wafu?" Vestine hakumtaja Donatha kwa jina. Aliandika tu kwamba ni mama mmoja wa Rubona, mrefu, aliyepungukiwa na jino. Mwalimu Kimenyi aliisoma kabla haijabandikwa, kama alivyozisoma zote. Alirekebisha mikato miwili na herufi moja, akaandika pembeni kwamba mtindo umekomaa.

Kufikia Jumatano kopo lilikuwa limejaa, na vijiwe vikamwagika chini. Ijumaa vilihesabiwa mia mbili na kumi na saba. Habari ikapanda juu, jina la Vestine likiwa chini yake kwa wino mwekundu. Nyumbani, Béata aliwasimulia majirani kwamba binti yake ameuokoa mji, na sufuria ya sambaza waliobaki akaimwaga shimoni.

Habari nayo haikukaa ubaoni. Ilipanda minibasi, ikavuka mpaka ndani ya mabeseni, na kila ilipolala iliamka imenenepa. Goma ilisemwa kwamba shitingi ile bado ina damu. Kisha ikasemwa kwamba watoto wawili wamekufa. Afisa wa afya alikwenda Rubona, akawakagua samaki, akakuta ni safi. Lakini waliomwona akiingia kwa Donatha waliulizana, kama yule mama hana kosa, afisa amefuata nini? Wanawake zaidi ya ishirini waliokuwa wakinunua kwake kila asubuhi walimpita bila salamu. Samaki walioza wakiwa wameanikwa, na Donatha akawarudisha ziwani kwa koleo.

Wiki ya pili, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, Vestine alikuwa amesimama peke yake mbele ya ubao akiitazama habari yake. Alisikia hatua nyuma yake. Alipogeuka alimwona Donatha, amefunga kitenge safi kama mtu anayekwenda kanisani.

"Mwana, we unajua kusoma?"

"Ndiyo, mama."

"Bon. Unisomee ile ya juu. Polepole. Mi sikuenda masomo."

Vestine alisoma. Maneno aliyoyachagua kwa ustadi, yale yaliyofanya watu wasimame, sasa alipaswa kuyatamka moja moja mbele ya mtu yaliyemhusu. Alipofika kwenye jino, Donatha aliinua mkono akafunika mdomo wake. Sauti ya Vestine ilififia, lakini mama yule alimwashiria aendelee hadi mwisho.

"Pale chini iko jina," Donatha alisema. "Ni ya nani?"

Barabara ilikuwa tupu. Vestine angeweza kutaja jina lolote, na mama yule asingejua.

"Ni langu, mama. Mimi ndiye niliyeandika."

Donatha hakupaza sauti. Alimtazama kwa muda, kama anayetafuta mahali alipouona uso ule.

"We ni mutoto ya Béata. Ulikuja kwangu, nikakupimia samaki kwa mukono yangu. Sasa kwa nini haukuniuliza?"



"Ile shitingi walinipa wakati tulirudia, 1996," Donatha akaendelea. "Ilikuwa mupya, imekunjwa. Ilikuwa paa ya nyumba yangu mpaka nikapata mabati. Haijafunika mufu ata mumoja. Kolera ilichukua mwana wangu kule Goma. Niyonshuti. Alikuwa na miaka ine. Siku ile nilitafuta shitingi ya kumufunika, sikupata. Nilimufunga na kitenge ya mugongo yangu. Na leo mutu ananipita, anasema mi nakaushia samaki juu ya wafu."

Akageuka, akaondoka, na Vestine akabaki na kidole chake bado ubaoni.

Hakungoja kengele. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kimenyi akamweleza yote, pamoja na swali alilolimeza. Alitegemea kuchapwa. Mwalimu alivua miwani akaiweka mezani. Kisha alisema kwamba yeye aliisoma habari ile akiwa na kalamu mkononi, akaona mikato, na hata yeye hakuuliza.

Siku hiyohiyo waliibandua. Vestine aliandika nyingine, akieleza ukweli wote kuhusu shitingi na kuomba radhi kwa jina lake kamili. Mwalimu mwenyewe aliibandika juu kabisa, bila kusubiri kura. Ijumaa kopo lake lilikutwa na vijiwe vinne. Kando yake, habari ya Jolly juu ya mwizi wa nguo aliyenaswa amevaa gauni la yule aliyemwibia ilikuwa na mia na hamsini.

"Nani ataweka jiwe kwenye 'nilikosea'?" Jolly aliuliza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akieleza mambo yalivyo.

Ndipo Mwalimu Kimenyi akasema kwamba uongo umekwenda kwa miguu ya watu hadi Goma, na ukweli hautaufikia ukiwa umetundikwa ukutani. Itabidi waufuate. Jumamosi tatu mfululizo, mwalimu na mwanafunzi wake walishuka Rubona asubuhi mitumbwi ilipokuwa ikirudi, kisha wakaenda kusimama kwenye foleni ya wachuuzi mpakani. Vestine alirudia maneno yaleyale kwa kila kundi: kwamba yeye ndiye aliyeandika habari ya shitingi, kwamba hakuuliza, na kwamba haikuwa kweli. Béata alilia alipopata habari hizo, kisha Jumamosi ya pili akaja kununua sambaza kwa Donatha mbele ya watu, akiwa ameinamisha kichwa.

Haikuwa kazi nyepesi. Wengine walicheka. Mmoja alisema kwamba mtoto amelipwa. Mwingine, mwanamke wa Goma mwenye beseni la mihogo, alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba anamwamini kabisa, ila wanunuzi wake hawatamwamini yeye, kwa hiyo hatanunua. Donatha mwenyewe hakumsemesha Vestine Jumamosi ya kwanza wala ya pili. Ya tatu alimpa kikapu na kumwambia, "Shika hii," naye akakishika hadi samaki walipokwisha kupimwa.

Mwezi ulipoisha, wanawake kumi na mmoja walikuwa wamerudi. Donatha alianika samaki wachache kuliko zamani, lakini aliowaanika waliuzika, na jioni alirudi nyumbani kikapu kikiwa kitupu. Wengine hawakurudi kamwe. Shuleni makopo yaling'olewa, na tangu hapo hakuna habari iliyobandikwa bila kuandikwa chini yake majina ya watu walioulizwa. Wasomaji wa barabarani walipungua.

Jumamosi ile ya tatu, wakipanda kutoka Rubona, Vestine alimwuliza mwalimu kama Donatha atamsamehe siku moja.

"Hilo ni lake, si letu kumdai," Mwalimu Kimenyi alijibu. "Lako ni hili, nalo usilisahau ukiwa mtu mzima. Ulichunguza vizuri habari zinazopendwa. Ulichoandika kwenye daftari lako ni sahihi, nami nimekisoma. Watu wataikimbilia hofu na aibu ya jirani, leo na kesho. Lakini kupendwa kwa habari kunakueleza juu ya wasomaji tu. Hakukuelezi kama ni kweli. Kuna swali ambalo unaogopa kuuliza kwa sababu litaiua habari yako. Hilo ndilo uulize kwanza. Mimi nimefundisha kwa miaka ishirini na mitatu, na nimejifunza hili mwaka huu, kwa hasara ya mama yule."

Mbele yao, kwenye kituo cha minibasi, mwanamke mmoja mgeni alikuwa ameshika mfuko wa sambaza, na mwenzake alikuwa amemwinamia sikioni akimwonya kwa sauti ya chini juu ya shitingi na wafu. Minibasi ilikuwa tayari inanguruma. Vestine akamwacha mwalimu nyuma, akaanza kukimbia.