Uzi wa Mafundo Saba

Kila Ijumaa, baada ya kufagia, binti wa darasa la sita ambaye wenzake walimwita Bi Rula alipima ufa kwenye ukuta wa darasa la tatu. Aliweka alama ya penseli penye ncha ya ufa, akaandika tarehe. Mdogo wake alikaa dawati la pembeni, kando ya ukuta huo.

Siku alipoitwa mbele ya kamati ya shule, alisoma vipimo vyote ishirini na nane. Alipofika cha kumi, mjumbe mmoja alikuwa anasinzia.

"Hesabu nzuri, mwanangu," mwenyekiti alisema akipiga miayo. "Zilete muhula ujao."

Nyumbani alimtupia daftari baba yake, mwashi.

"Hawasikii, baba. Hata nikipima mpaka nizeeke."

Baba alifunua kurasa mbili. "Hata mimi nimechoka. Hebu niambie kwa kifupi, kuna nini?"

"Ukuta utaanguka."

"Hilo umeliandika ukurasa gani?"

Bi Rula alipekua daftari lote. Hakuliona.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimwombea dakika tatu tu mbele ya kamati.

"Shikamooni. Ukuta wa darasa la tatu utaanguka. Naomba watoto watolewe leo." Akaning'iniza uzi mweupe uliounganishwa kipande chekundu mwishoni. "Huu ndio urefu wa ufa. Kila fundo ni mwezi mmoja."

Mafundo ya mwanzo yalibanana. La saba lilikuwa limeruka mbali.

"Na hicho kipande chekundu?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni nafasi iliyobaki kufika kwenye boriti."

Mwenyekiti aliweka kiganja chake juu ya kipande hicho. Kiganja kilizidi.

"Watasomea wapi? Vyumba hatuna," mjumbe alisema kwa unyonge. Watoto walitolewa hivyo hivyo.

Siku ya tisa mvua ilinyesha, na ukuta ukalala juu ya madawati matupu. Darasa jipya halikujengwa. Darasa la tatu lilihamia barazani, miguu ikilowa.

"Baba, sasa nimesaidia nini?"

"Darasa hatuna. Mdogo wako tunaye," baba alisema. "Mwenye kuamua ana mengi kichwani, mwanangu. Mwambie kwanza unataka aamue nini. Kisha mpe sababu anayoweza kuiona kwa macho. Vipimo vingine kaa navyo, akiuliza umpe."

Ijumaa Bi Rula alifagia, akachukua rula. Darasa la nne nalo lilikuwa limeanza kupasuka.