Vibao vya Machimbo

Vibao mia mbili na kumi vilikuwa vimetoweka, na hakuna jani hata moja lililoguswa. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Saadia Shire aliposimama kwenye eneo la tukio, machimbo ya zamani ya kokoto nje kidogo ya Kiwanjani.

Kwa miaka sita Muthomi, mtaalamu wa mimea, alikuwa akipima miche ya migunga iliyopandwa juu ya vifusi. Kila mche ulifungwa kwa waya kibao cha bati chenye namba. Kesho wakaguzi wangefika kutoka Nairobi. Wakiridhika, ua uliozunguka machimbo ungefunguliwa na wafugaji warudishiwe malisho yao. Bila vibao, vipimo vyote vilikuwa karatasi tu.

"Ni Jattani," Muthomi alifoka. "Mbuzi zake zinalilia huu ua kila siku. Mfungeni!"

Hasira za Muthomi zilikuwa moto wa mabua. Saadia alingoja uzime, kisha akamwita Jattani.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa soko ya mifugo. Uliza mtu yeyote."

"Unataka ua ufunguliwe?"

"Sana."

"Lini?"

"Si ni kesho, madam? Sasa nikiiba vibao nitapata nini?"

Saadia alimwachilia. Kisha akachutama kando ya mche. Waya haukukatwa. Ulifunguliwa polepole, na pale ulipouma gome palikuwa pamepakwa kitu. Akanusa kidole: samli. Mwizi gani huyu anayemuuguza aliyemwibia?

Akamgeukia Erot, mlinzi wa lango.

"Nani aliingia jana?"

"Hakuna mtu, madam."

"Hata mmoja?"

"Mtu hakuna. Ni Akko Habibo tu, na mtungi yake ya maji. Huyo huingia kila siku."

Walinzi ndivyo walivyo. Anayeingia kila siku si mtu tena.

Nyumba ya bibi huyo, ambaye wote walimwita Akko, yaani nyanya, ilikuwa ng'ambo ya barabara. Saadia alibisha, Muthomi akiwa nyuma yake.

"Salaam aleikum, Akko."

"Aleikum salaam, mwanangu. Gunia iko chini ya kitanda."

Hakuulizwa, akakiri. Saadia aliketi, daftari likiwa bado mfukoni.

"Kwa nini, Akko?"

"Hiyo miti nilipanda na mkono yangu. Huyu kijana anazunguka akihesabu kwa sauti. Kitu iko na uhai haihesabiwi hivyo."

Saadia aliinamisha kichwa. Kwao, mtaa wa Wabera, nyanya yake akiulizwa ana wajukuu wangapi, hujibu tu kwamba wapo.

"Amehesabu miaka sita. Mbona jana?"

"Alisema kesho wakubwa wanakuja kuhesabu yote." Bibi alielekeza kidole mlangoni. "Mwaka ile ya ukame wakubwa walikuja na gari. Ati wahesabu ng'ombe, walete msaada. Mimi nilikataa. Mzee wangu akasema, wacha wahesabu. Wakahesabu yote, mpaka ndama. Mwezi haikuisha, zizi ikabaki tupu. Mzee akakaa hapo kwa mlango, akiangalia zizi, mpaka akafa."

Hasira zote zilikuwa zimemtoka Muthomi, akabaki na aibu.

"Akko," alisema, "bila vibao ardhi hairudi kwenu. Na sasa vimechanganyika. Hata mimi siwezi kujua kipi ni cha wapi."

Kufuta hesabu kungewanyima wafugaji malisho yao, na bibi hakuwa amelijua hilo.

"Wewe umesoma namba," alimwambia Muthomi. "Miti hujasoma. Beba gunia."

Habibo hakujua kusoma. Lakini alivijua vibao kwa kutu na mikunjo yake, kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake kwa rangi na pembe. Alipita mche hadi mche, akivirudisha. Muthomi alifuata na daftari, akilinganisha namba na vimo vya miche, na kila kibao kilikuwa mahali pake. Saadia aliandika kwamba mali imepatikana na mlalamikaji hana shtaka.

"Kesho wahesabu na macho," Habibo aliagiza. "Mdomo wafunge."

Ilipofika adhuhuri, gunia lilibaki na vibao vichache. Habibo alivipakata mapajani.

"Na hivi?" Saadia aliuliza.

"Hii ilikauka mwaka ya kwanza. Hii, mchwa. Hii ilikuwa karibu kunizidi urefu."

Muthomi alifungua ukurasa wa miche iliyokufa, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Ndiyo hiyo, Akko," alisema kwa sauti ya chini, bila kutaja ilikuwa mingapi.