Mlio Uliotoka Haneti

"Ongeza mwendo kidogo."

"Umesikia?"

"Bado. Ongeza, halafu kanyaga breki."

Klara alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya gari, viti vimekunjwa, sikio kalibana kwenye zulia la buti kama anavyowasikiliza watoto matumboni kule wodini kwake. Stanley alikuwa mbele kwenye usukani. Ukinyoosha mkono unamgusa, lakini walikuwa wanaongea kwa simu. Upepo wa barabara ya Zuzu ulikuwa unaingia madirishani na kumeza maneno, ni kweli, ila hiyo ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba tangu Jumapili wachumba hawa walikuwa hawatazamani usoni, na kwa watu wa namna hiyo simu inasaidia sana.

Kesho alfajiri gari hilo lilitakiwa kuanza safari ya Mbinga, Stanley akajitambulishe kwa kina Klara. Iringa, Njombe, Songea, milima juu ya milima. Na gari lilikuwa linalia. Ngo-ngo. Kimya. Ngo. Fundi Bartolomayo wa Majengo alishabadilisha bushi, akabadilisha na shokapu za nyuma, akajisifu. Stanley alipotoka tu getini, ngo-ngo. Ndipo akamwomba Klara: "Nisaidie kuutafuta huu mlio, mtu mmoja hawezi. Kama umeshaamua kwenda peke yako, basi, nitakupeleka stendi mwenyewe."

"Kuna tuta mbele," alisema sasa. "Jishike."

Gari likapanda, likashuka. Ngo.

"Hilo hapo. Liko huku huku ndani, si kwenye tairi."

"Fundi anasema ni tairi."

"Fundi hakulala huku."

Stanley alitaka kucheka, akajizuia.

"Klara."

"Nasikiliza mlio."

"Tiketi umekata?"

"Nimekata. Basi la asubuhi."

Hakumwambia kwamba kwenye simu hiyohiyo kulikuwa na ujumbe kwa dada yake Rose, ulioandikwa tangu asubuhi na haujatumwa bado: *Kesho nakuja na basi, peke yangu. Mwambie baba wageni hawapo tena. Nitaeleza nikifika.* Kila alipotaka kuutuma, kidole kilikuwa kizito.

"Yote haya kwa sababu ya jiwe?" Stanley aliuliza.

"Kwa sababu ya mama yako. Usiliingize jiwe."

Jiwe lenyewe lilikuwa la kusagia. Jumapili walikwenda Haneti, Klara aonwe na Mama Paulina, mama mzazi wa Stanley. Wakamkalisha jikoni, wakampa uwele asage. Klara amezoea mashine, lakini alipiga magoti, akasaga, jasho likamtiririka, na unga ukaanza kutoka laini hata mwenyewe akaona fahari. Mama Paulina akainama, akauchukua kidogo, akausugua vidoleni. Halafu akampokonya lile jiwe dogo la mkononi mbele ya mashangazi, akaingia nalo ndani. Hakusema neno. Hakuonekana tena mpaka watu wanaaga, na hata hapo alisema "safari njema" tu, akiangalia pembeni.

"Alinipokonya kama mtoto aliyeshika kisu," Klara alisema, na sauti ikaanza kumponyoka. "Nikakuuliza njiani, ukaniambia mama ndivyo alivyo. Mpaka leo hujamuuliza, Stanley."

"Sijamuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa jibu." Gari lilipunguza mwendo lenyewe, mguu wake umelegea. "Angesema hakutaki, bado ningekuoa. Na yeye ningempoteza. Nina mama mmoja. Nikaona bora nisijue kitu, twende zetu."

Klara alifumba macho. Alikuwa amejiandaa kwa utetezi, si kwa maneno hayo, na hasira yake ilikosa pa kushika. Alimpenda mwanamume huyu. Hilo halikuwa na ubishi hata siku mbaya kama hii.

"Na mimi siwezi kuingia nyumba ambayo mwenyewe hanitaki," alisema taratibu. "Mama yangu aliolewa hivyo. Nimekua nikimwona anakula jikoni peke yake."

Hakuwahi kumwambia hilo. Stanley alivuta pumzi ajibu, tairi likaingia shimoni. Ngo-ngo.

"Simama," Klara alisema. "Simama hapo hapo. Spea umeiangalia lini?"

"Spea? Tangu ninunue gari sijaigusa."

"Na unakwenda Mbinga."

Stanley alizunguka nyuma, akafungua buti. Walikunja zulia pamoja, wakainyanyua spea. Chini yake, shimoni, kulikuwa na kitu kimefungwa kitenge, fundo limefunguka kwa kurushwarushwa. Klara alikifunua. Lilikuwa jiwe lile lile dogo, jeusi, limelika upande mmoja kwa viganja vya watu wengi.

Wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Stanley alipiga simu, akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmeshafika?"

"Bado, tunaondoka kesho. Mama, kuna jiwe kwenye gari."

"Nani kalikuta?"

"Klara."

Mama Paulina akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu ambacho Stanley alikuwa hajakisikia tangu walipomzika baba.

"Mpe simu."

"Shikamoo mama," Klara alisema, na sauti ilitoka ndogo.

"Marahaba, mkwe wangu. Ulikawia. Nilikuwa silali."

"Mama, nilidhani umenifukuza."

"Nikufukuze halafu nikupe jiwe la mama mkwe wangu? Hapa kwetu nyumbani halitolewi mkononi, mwanangu. Unga ukinipendeza nalichukua, nalificha kwenye mzigo wako, ulikute mwenyewe huko mbele. Lisipokutwa hatulisemi. Mimi nililikuta kwenye gunia la karanga, nami nilikuwa nimelia njia nzima nikijua sitakiwi."

"Na mbona hata kunitazama hukunitazama?"

"Ningekutazama ningecheka. Nikajificha ndani. Na wewe ulikuja na kipochi tu, jiwe halikuingia. Nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka hilo gari mmeliacha wazi, mpaka nikaona pale pa tairi la spea."

Klara alikuwa analia waziwazi sasa, jiwe kalikumbatia, vumbi limempaka gauni. Stanley alimfuta shavu kwa kiganja chenye grisi, akamwachia alama nyeusi ambayo hakuna aliyeijali.

"Mama, mbona mimi hukuniambia?" aliuliza.

"Haya ni ya wanawake. Wewe ungesema siku hiyo hiyo."

"Nimebadilisha shokapu mbili kwa ajili ya hili jiwe."

"Vizuri. Zile za zamani zilinivunja kiuno pasaka. Klara, mwanangu, njiani lipakate. Usilirudishe kule kwenye tairi."

"Nitalipakata, mama."

Walirudisha spea, baada ya kuiangalia, na ilikuwa haina upepo hata kidogo. Klara akahamia mbele, jiwe mapajani. Walipita lile tuta kuelekea mjini na gari halikulia.

"Na basi la asubuhi?" Stanley aliuliza, macho barabarani, akijifanya haogopi jibu.

Klara alifungua simu, akaufuta ujumbe wa Rose neno kwa neno, akaandika mwingine. Huu aliutuma kabla hajaurudia kusoma, kisha akampa Stanley simu ausome kwenye taa nyekundu.

*Kesho tunakuja wawili. Mwambie mama asipeleke mahindi mashineni. Nitamsagia mwenyewe, halafu tule naye mezani.*