Grisi Mbichi kwenye Trekta la Bartolomeo

Jioni ile Eliamani alikwenda Ganako kuchukua chuma, si kutafuta balaa. Ndivyo alivyojiambia njia nzima, huku pikapu yake ikirukaruka kwenye makorongo kama mbuzi aliyekata kamba. Alikuwa mtu wa maneno, Eliamani. Duka lake la vipuri mjini Karatu lilijaa hata siku ambazo hakuna aliyenunua skrubu, maana wengi walifuata kicheko. Kwenye harusi ndiye aliyeshika kipaza sauti. Kwenye misiba aliombwa akae mbali kidogo na wafiwa.

Sasa alikuwa anakwenda msibani.

Mzee Bartolomeo alikuwa amezikwa juzijuzi, na nyumba yake ilikuwa imefungwa. Si kwa kufuli. Wairaqw huita hali hiyo metimani: kifo kikiupiga mji kwa namna mbaya, wenyewe hujitenga. Mgeni haingii, kitu hakitoki, hata kijinga cha moto huazimwi, mpaka wazee waje kuusafisha. Eliamani alizaliwa Machame, lakini alikuwa amekula chumvi ya Karatu kiasi cha kulijua hilo vizuri. Vizuri mno. Ila Godson, meneja wa hoteli moja ya watalii kule juu kwenye ukingo wa msitu wa Ngorongoro, alitaka trekta kuukuu la kuweka bustanini, wageni walipande na kupiga picha. Na tajiri mmoja wa Mbulu alikuwa ameshaanza kuulizia lile la Bartolomeo. Ukisubiri wazee wamalize, utakuta alama za matairi.

Basi akasimama nje ya ua wa minyaa. Ndani, upande wa pili, alisimama mjane, Mama Cresensia, blanketi kichwani, uso umemezwa na ukungu. Eliamani akaamkia na kutoa pole. Mama akaitikia. Hakusema karibu.

Hapo ndipo Eliamani alipomweleza kwamba marehemu, mwezi uliopita sokoni, alimshika mkono na kumwahidi lile trekta: nikiondoka ulichukue, lisiozee mvuani. Akaiga na sauti ya mzee, kidogo tu, kwa heshima, kama alivyozoea kuwaiga maparoko. Uongo ukateleza kama sabuni bafuni.

Ndani ya nyumba mwanamke alikohoa.

"Alikuambia yeye," alisema Mama Cresensia. Halikuwa swali.

"Yeye, mama."

"Kwa mdomo wake."

"Kwa mdomo wake mwenyewe."

Mama akavuta tawi la minyaa lililoziba lango.

"Basi chukua. Mimi sikukuita. Umekuja mwenyewe."

Fundi Patrisi, mzaliwa wa hukohuko, aliyeletwa kufunga mnyororo wa kulivuta trekta, hakukubali kuvuka lango. Aliuliza kama mji umeshafunguliwa. Eliamani akamjibu kwamba umefunguliwa, hajaona tawi limevutwa? Patrisi akalitazama lile tawi, akafunga mnyororo kwa ncha za vidole, kama mtu anayemfunga nepi mtoto wa jirani.

Nyumbani wakaanza kulitambua. Kibati cha namba kilikuwa kimeng'olewa, kwa hiyo ilibidi kuuliza rangi. Nyekundu ya juu ilisema Massey. Walipokwangua, bluu ikasema Ford. Eliamani akasema hili limebadili dini kuliko mchumba wa mjini. Chini kabisa ikatokea kijivu, na kwenye ubavu wa injini namba zilizomiminwa pamoja na chuma. Patrisi akazitafuta kwenye simu, akatikisa kichwa kwa heshima: Ferguson lenyewe, la enzi za walowezi wa kahawa. Godson alipopigiwa simu alishangilia kama aliyepata mtoto. Alitaka tu lingurume.

Kunguruma si kazi, alisema Patrisi. Oili mpya, chujio jipya, rejeta isafishwe, grisi kila kiungo. Na kuondoa hewa. Dizeli ya zamani ina ugonjwa mmoja: hewa ikiingia kwenye mpira wa mafuta, injini inakata roho hapohapo, hata kama uko katikati ya mto. Ni kazi ya kufanya mara kwa mara, bila uvivu. Wakaliacha nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuni. Betri halikuwa nayo. Tairi moja la mbele lilikuwa limelala, halina upepo.

Jioni iliyofuata Eliamani akatoka na bomba la grisi, anapiga mluzi.

Mluzi ukakatika.

Kila kiungo kilikuwa kimeshapakwa. Grisi mbichi, inang'aa, na iliyomwagika imefutwa kwa kitambaa, taratibu, kama mama anavyomfuta mtoto mdomo. Akampigia Patrisi kumshukuru. Patrisi akasema hajakanyaga huko.

Eliamani akacheka. Akamwambia mkewe, Naomi, kwamba wamepata fundi asiyekula wala kudai. Lakini usiku hakulala vizuri. Kulikuwa na harufu. Ugoro... ugoro mkavu wa wazee, na dizeli.

Siku zilizofuata hakulishika. Wala hakukuwa na haja. Kila jioni, ukungu ukishuka, kitu kilikuwa kimetengenezwa. Rejeta imejazwa. Nati imekazwa. Na trekta, lile lisilo na betri, lenye tairi lililokufa, halikuwa tena karibu na banda la kuni. Lilikuwa limesogea. Kidogo tu. Kesho yake tena kidogo.

Lilikuwa linaelekea dirisha la Scholastika.

Scholastika alikuwa binti yao wa pekee. Mumewe aliendesha magari ya watalii, leo Ndutu kesho Serengeti, na mimba ilikuwa imeshakua, kwa hiyo alikuja kujifungulia kwa mama yake. Asubuhi moja akanong'ona mezani kwamba kuna mtu husimama dirishani. Hasemi kitu. Anapumua tu. Naomi akamtazama mumewe. Eliamani, ambaye hata kwenye sala ya chakula alipenyeza utani, alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Aliujua mji ule uliofungwa. Alijua nani alivusha kitu langoni. Hakusema.

Jumatano Naomi alikwenda jumuiya. Jua lilikuwa limezama punde tu, kuku wanagombea nafasi bandani. Eliamani yuko sebuleni, redio imewashwa kwa sauti ya juu makusudi. Katikati ya taarifa ya habari akasikia.

Ka... ka... ka...

Spana. Spana inayokaza nati, bila haraka.

Alizima redio. Akaita binti yake. Hakuitikiwa. Chumba kilikuwa kitupu, dirisha wazi, pazia linavutwa nje na upepo wa baridi. Akazunguka nyumba mbiombio, tochi ya simu inaruka ukutani.

Pua ya trekta ilikuwa imegusa ukuta.

Juu ya kiti alikaa Scholastika. Miguu peku. Tumbo limebana usukani. Mikono yote miwili, mpaka viwikoni, myeusi kwa grisi.

"Skola," alinong'ona.

Aligeuka. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yamekuja na mtu. Akafungua mdomo. Taya likapanda, likashuka, shingo ikatoka mishipa, kama anayesukuma mlango uliokwama kwa ndani...

Hakuna sauti. Hata pumzi.

Eliamani aliweka mkono kwenye bomba la moshi apande kumshusha. Akaurudisha haraka. Bomba lilikuwa la moto.

Alimbeba binti yake mpaka ndani, akamnawisha kwa maji ya uvuguvugu, akilia bila kujua. Scholastika alipozinduka alikumbuka jambo moja tu.

"Nilikuwa nangoja kupelekwa, baba."

"Kupelekwa wapi, mwanangu?"

"Sijui. Alinionyesha kwa mkono kwamba sasa limeshatengemaa."

Asubuhi Eliamani alikuwa nje ya ua wa minyaa. Safari hii hakuiga sauti ya mtu. Alimwita Mama Cresensia, akasema yote palepale barabarani, wapita njia wakisikia: kwamba mzee hakumwahidi kitu, kwamba alidanganya, kwamba alijua mji umefungwa.

"Nilijua," mama alijibu.

"Ulijua vipi?"

"Mume wangu alikuwa hasemi."

Ndipo akasimulia, taratibu, akichunguza mikono yake. Wakati wa masika yaliyopita binti yao Brigita alishikwa na uchungu. Barabara ilikuwa tope tupu, gari halipiti. Bartolomeo akampakia kwenye trekta kumpeleka zahanati. Njiani likazima. Hewa kwenye mafuta. Alikuwa ameambiwa aikague, akawa anasema kesho. Alihangaika na zile nati mvuani mpaka vidole vikachubuka, na mtoto akazaliwa hapohapo juu ya chuma, akafa hapohapo. Tangu saa ile Bartolomeo hakutamka neno. Kila jioni alilitengeneza trekta. Alipaka grisi juu ya grisi. Walimkuta amekufa ameshika spana.

"Sasa anataka nini kwa mwanangu?" Eliamani aliuliza. "Amsaidie au amchukue?"

"Hata mimi sijui. Brigita wangu ana mimba nyingine. Trekta lilikuwa limeshafika dirishani kwake." Akavuta blanketi lake. "Ungesubiri wazee wamalize, ungechukua chuma kitupu. Umekuja wewe, ukadanganya, nami nikakuachia. Mungu anatuona wote wawili."

Eliamani akauliza kama anaweza kulirudisha. Haiwezekani, mama alisema, lililotoka halirudi. Afunge mji wake, awaite wazee, angoje. Itachukua miezi, na ndani ya miezi hiyo hakuna ajuaye kitakachotokea. Au atokee mtu aliombe mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuitwa. Hilo alilisema akitazama pembeni.

Alirudi mjini ameamua. Mungu ni shahidi, alikuwa ameamua. Angefunga nyumba, angewaita wazee, angekuwa kichekesho cha soko zima, sawa. Akamkuta Naomi mlangoni, habari za barabarani zimeshamfikia. Scholastika alikuwa ameanza kuumwa tumbo, kabla ya wakati. Alikuwa amelala upande, jasho linamtoka, na nyuma ya dirisha ile pua ya kijivu.

Simu ikaita. Godson.

Alikuwa na furaha huyo kijana, maneno yanagongana. Alisema amechoka kungoja, anakuja na lori sasa hivi, lingurume lisingurume atalichukua. Mkewe naye hakai kwa hamu ya kuliona, na siku hizi mkewe hakataliwi kitu, mzee, si unajua tena, tunatarajia...

Eliamani alikaa chini, kwenye ngazi.

"Halina neno lolote, mzee?" Godson aliuliza.

Ndani, Scholastika aliguna. Naomi alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama mumewe mdomoni.

"Eliamani?" alinong'ona Naomi. Hakuzoea kumwita kwa jina.

"Halina neno," alisema Eliamani kwenye simu. "Njoo ulichukue."

Lori lilipopanda kilima na mzigo wake, maumivu yakatulia. Scholastika akalala. Alijifungua wakati wake ulipotimia, hospitali, bila tatizo, mtoto wa kiume mwenye sauti ya kuamsha kata nzima.

Siku ya ubatizo nyumba ilifurika. Eliamani alishika kipaza sauti, watu wakashika mbavu. Naomi aligawa pilau bila kumtazama. Masika yalikuwa yameanza, mabati yananguruma, na wageni waliotoka juu walifika na tope mpaka magotini.

Godson alifika wa mwisho, na mkewe, amemshika kiwiko ili asiteleze. Tumbo lilikuwa limeshashuka. Mtu mmoja akawauliza, kwa wema tu, wenzangu huko porini mvua hii ikikata barabara mtafanyaje?

Godson akacheka, akamwekea mwenyeji wake mkono begani.

"Sina wasiwasi," alisema. "Trekta la mzee huyu limepona. Sijui fundi gani anakuja jioni, lakini kila siku nalikuta limepakwa grisi. Barabara ikikatika nitampeleka kwa hilo."

Watu wote wakamgeukia Eliamani, wakingoja utani wake.

Na Eliamani, kipaza sauti mkononi, akawapa.