Mshono Mwekundu

Walikutana stesheni, abiria wakisukumana na mabegi kana kwamba treni ya kwenda jiji la pili haitapita tena duniani. Yeye alikuwa fundi cherehani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, sindano imechomekwa kwenye ukosi. Dereva wa treni hiyo akamjia mbio, kofia ameibana pajani.

"Dada, niokoe. Nina abiria mia sita na suruali imepasuka!"

"Nina uzi mwekundu tu."

"Hata wa njano, wewe shona!"

Akamshona palepale amesimama. Mapenzi yao yalianzia pajani, tuseme ukweli. Tangu hapo, kila siku saa nne asubuhi treni ilipopita nyuma ya duka lake, zililia honi mbili fupi, na wateja wakamtania: "Shemeji huyo anapita!"

Wiki iliyopita dereva alimwambia anataka kumwoa. Fundi akaingiwa na baridi. Baba yake aliendesha treni kwenye reli hiyohiyo. Alitoka nyumbani mzima, akarudishwa ndani ya jeneza.

"Mpenzi, acha treni," alimsihi kwenye simu.

"Niache treni nifanye nini, nikushikie futi?"

"Unanifanyia mzaha? Basi usinipigie honi tena!"

Leo treni ilichelewa saa nzima, kisha ikapita kimya. Moyo wake ukapiga paa! Alijua madereva huzima simu wakiwa njiani, lakini alipiga, akapiga tena. Mteja akaingia akihema.

"Umesikia? Dereva kaanguka ndani ya kichwa cha treni!"

Alikimbia na futi shingoni hadi stesheni. Watu walikuwa wameizunguka machela. Aliona miguu tu, imevaa sare ya buluu. Akapenya, akainama, akautafuta mshono mwekundu pajani. Hakuuona. Akapapasa mguu wa pili.

"We dada, unamfanya nini mgonjwa?" muuguzi akamaka.

"Mwacheni," sauti ikasema nyuma yake. "Ananitafuta mimi."

Dereva alikuwa amesimama pale, shati limelowa jasho, uzi mwekundu pajani.

"Dereva mwenzangu sukari imemshuka njiani. Nimeileta treni peke yangu."

"Mbona hukupiga honi?"

"Si ulinikataza?"

Fundi akamtwanga ngumi ya kifua, kisha akaangua kilio mbele za watu.

"Siku zote hunisikii, leo ndiyo umeamua kunisikia?"

Dereva akamshika mikono, ilikuwa ya baridi. "Mpenzi, nisikudanganye. Siwezi kukuahidi kwamba kila siku nitarudi."

"Najua. Lakini leo, kama ungekuwa wewe pale, wangenifukuza kwenye machela, wakaniuliza mimi ni nani wako, nami ningekosa la kujibu." Akapangusa machozi kwa ncha ya futi. "Nioe. Kuogopa nitaogopa tu, basi niogope nikiwa mkeo."